Damu ya Pili

Jiwe la kwanza lilimpata mwanamume begani, la pili likampasua paji la uso. Alipogeuka ndipo Mahira alipomtambua: Fahim, mpenzi wake! Miezi minne hawasemezani, na sasa wanakutana River Road mchana kweupe, yeye akienda zamu ya unesi, Fahim akigaragara lamini, shati lake jeupe limekuwa jekundu mpaka kiunoni.

"Mwizi! Leta tairi tumchome!"

Mahira alijipenyeza, buibui likachanika. Mmoja akamsukuma, naye akamzaba kofi bila kuangalia ni nani. Akamlalia Fahim juu, rungu likamshukia mgongoni.

"Ni mume wangu! Ana duka la kuchapisha kadi hapo juu! Mkimuua, niueni na mimi!"

"Siste, huyo ameiba simu."

"Iko wapi? Mpekueni!"

Hawakuipata. Simu iliyoibwa ilikuwa ya Fahim mwenyewe. Alikuwa akimkimbiza mwizi, na mwizi akawahi kumpigia yeye kelele za mwizi, akatoweka nayo. Watu wakayeyuka mmoja mmoja. Aliyeleta tairi ndiye aliyeita teksi.

Hospitalini anakofanya kazi Mahira ilionekana mkono wa kushoto umevunjika na tumbo linajaa damu. Mkono wa kulia ulikuwa na kanula, kijibomba cha mshipani, dripu ikishuka.

"Nahitaji damu ya vipimo kabla sijampasua," alisema Daktari Wangui. "Mishipa mingine imenywea. Toa kwa kanula."

Mahira akafunga dripu, akangoja dakika mbili, na kila sekunde ilimuuma. Alimpenda mtu huyu na alitaka kumtia makofi. Akavuta sindano ya kwanza ya damu, akaitupa.

"Damu yangu yote imebaki River Road," Fahim akanong'ona, "na hiyo kidogo waitupa?"

"Imechanganyika na maji ya dripu. Ikifika maabara itatoa majibu ya uongo. Naipeleka ya pili."

Fahim akamgeuzia uso. "Siku ile nilipokuona pale madukani Adams Arcade umekumbatiwa..."

"Na kakangu Hafiz."

"Nimejua juzi. Siku ile nilikupigia simu nikakuita malaya kabla hujasema hata neno. Niliona haya kukutafuta. Nisamehe, mpenzi. Na maneno yale yatupe."

"Nyamaza, nivute damu."

Damu ya pili ikaja, nzito, ikajaza vichupa. Akaisafisha kanula kwa maji ya chumvi, akafungua dripu, akafuta machozi kwa bega.

Daktari Wangui akarudi na fomu ya upasuaji. "Mgonjwa hawezi kushika kalamu. Nani atatia sahihi? Wewe ni nani wake?"

"Mke wake," Mahira akasema, akaichukua kalamu.

Fahim akajaribu kutabasamu kwa midomo iliyopasuka. "Umelisema hilo mara mbili leo."

"Ya kwanza ilikuwa ya kukuokoa. Hii naisema kwa sababu naitaka. Utoke humo ndani mzima, uende kwa baba ukanipose. Usipotoka, Fahim, wallahi nitakuua mwenyewe."