Kipimo cha Kina

Haya yalimpata fundi saa mmoja, rafiki wa kaka yangu, mtu asiyejua kutia chumvi. Alipostaafu alianza kuunda stooni kwake mfano mdogo wa bati wa chumba cha mitambo cha nyambizi ya vita, wenye injini, pampu na mabomba membamba kama sindano. Kila kitu kilimkubalia isipokuwa kipimo cha kina, kidogo kama punje ya dengu. Alichora mshale wake kwenye sifuri, maana nyambizi yake aliiwazia ikiwa bandarini. Asubuhi akaukuta kwenye mita arobaini.

Alifuta, akachora upya. Kesho yake ulikuwa kwenye tisini.

"Mama, usinichezee kazi," alimwambia mkewe, amefura.

"Mimi hata mlango wa stoo yako siufungui," mkewe alijibu. "Hiyo gundi inanikaba."

Siku ya tatu, saa nane mchana, alichora tena, akafunika mfano kwa kioo ili vumbi lisiingie, akaapa kuukodolea macho mshale mpaka rangi ikauke. Umeme ukakatika. Stoo haikuwa na dirisha na mlango alikuwa ameufunga, giza likawa totoro. Alipokuwa akipapasa kutafuta tochi, alisikia bati likilia taratibu mezani, kama debe linalobonyezwa.

"Nani?" aliuliza.

Umeme uliporudi aliinama autazame mshale, asiuone. Kioo kilikuwa na ukungu. Akakifuta kwa kiganja, kwa hasira, akafuta tena. Ukungu ulikuwa upande wa ndani, ukitanda na kupungua, ukitanda na kupungua, kama pumzi.