Nilimuuliza Alikula Nini Jana

Nilikuwa na miaka ishirini na mitatu, mwanafunzi wa lishe chuo kikuu huko Kisangani, mchumba wa mtu, na mjinga wa kutupwa!

Mwaka wa tatu nilipelekwa kwetu Kindu kufanya staji, yaani mazoezi ya kazi, kwenye kituo cha wajawazito. Moyoni nilicheka. Kasongo wangu alikuwa fundi wa treni hapo hapo Kindu! Posa ilikwisha kupokelewa, tulingoja diploma yangu tu.

Kasongo alikuwa na jambo lake. Mwanaume wa Kindu hashiki kikaango, lakini yeye, tukiwa wawili tu, alinikaangia ndizi za makemba kwa mawese, kitunguu akakiweka mwishoni. Aliapa kwamba hakuna mwanamke mwingine aliyewahi kuzionja. Nami nikajiona malkia...

Kazi yangu kituoni ilikuwa kuwauliza wajawazito walikula nini tangu jana, na nani alipika. Asubuhi moja akakaa mbele yangu binti aitwaye Zaina, mimba kubwa, ngozi inang'aa.

"Sitwayene," nikamwambia, yaani mwananchi, kama tulivyotakiwa kuitana wakati ule wa chama kimoja, "jana mangaribi mulikula nini?"

"Samaki ya Kibombo, mama. Bwana yangu anatumikaka ku treni, njo analetaka. Na makemba." Akacheka. "Ye mwenyewe njo anakaangaka! Kitunguu anaweka ku mwisho. Lakini musiambie watu, atasikia haya."

Jamani! Nikamuuliza jina la huyo bwana. Kwa nini niliuliza, na nilikwisha kujua?

Wivu ulinipanda. Nikalitazama tumbo lile... Ningemwambia aache samaki, aache mayai, angetii na mtoto angedhoofika, maana mimi ndiye niliyesoma. Mungu alinishika ulimi. Nikamwambia ale samaki, ale na mayai, asiwasikilize wazee wanaowakataza wajawazito vyakula hivyo. Kila neno lilinichoma!

Kisha nikainuka, nikawaacha wanawake kwenye benchi, nikaenda stesheni. Nilimrukia Kasongo mbele ya abiria, nikamchania shati, nikamtukana mpaka sauti ikanikauka. Hakukana. Alisema tu kwamba mimi nilikuwa mbali, na Zaina alikuwa karibu. Karibu!

Sikurudi kituoni. Ningekaaje pale, Zaina akija kupimwa? Daktari mkuu alituma watu waniite, mama alinibembeleza, nikajifungia chumbani nikilia. Staji ikafutwa, mwaka ukapotea, na chuoni hawakunipokea tena. Kasongo akamwoa Zaina.

Leo simwonei Zaina wivu. Abaki na makemba yake! Ninaowaonea wivu ni wasichana niliosoma nao. Wao wana ofisi zao, na wagonjwa wanawangojea. Mimi nauza unga wa muhogo sokoni, na wakipita kununua najifanya kutafuta kitu chini ya meza.

Wadogo zangu mnaosoma, mwanaume akikusaliti lia, tukana, hata shati mchanie ukipenda. Lakini asubuhi oga, vaa, urudi kazini! Mimi sikurudi.