Mchezaji Aitwaye Mvua7

Alfani alibonyeza kutuma, na papo hapo simu ya Biasha ikatetemeka juu ya meza. Akaitupia jicho. Maneno kwenye kioo yalikuwa yake mwenyewe: "Ahsante Mvua7. Rai yako imeuokoa mchezo wangu."

Biasha aliingia na vikombe viwili vya chai.

— Mvua7 ni wewe?

Aliviweka vikombe chini taratibu.

— Ni mimi.

Miaka miwili wapenzi hawa walikuwa wakitengeneza mchezo wa simu katika chumba cha kupanga pale Ukunda. Alfani aliandika programu, Biasha alichora. Katika mchezo huo binti anatafuta kaa kwenye mikoko, na maji yakijaa inambidi asubiri. Mchezo ulipotoka, wachezaji wakalalamika kwamba kusubiri kunachosha, Alfani akayaondoa maji. Wakataka bunduki, akaweka bunduki.

— Nilikwambia mara ngapi urudishe maji?

— Uliniambia.

— Ukanijibu mimi si mchezaji, sijui watu wanataka nini. Mtu usiyemjua alipoandika maneno yaleyale, uliyarudisha maji siku ileile.

— Kwa hiyo ukanidanganya miezi mitatu? Namsifu huyo mtu, nawe unanitazama tu?

— Nilimwonea wivu huyo Mvua7, Alfani, na kumbe ni mimi mwenyewe.

— Umenifanya mjinga.

Biasha alichukua mkoba wake, akarudi kwao Bodo.

Siku tano zikapita kimya. Ya sita ukaingia ujumbe wa Alfani: "Nimeyasoma maoni yote upya, ya watu mia nne. Naomba nije."

Alifika mchana, akamwamkia mama yake Biasha shikamoo, akapewa kiti. Mama akawaacha wazungumze.

— Nisamehe. Kila aliyelalamika nilimfuata, kwa kuogopa wasiniondokee. Kumbe wengi hawakuyachukia maji, walichukia kukaa bure maji yakijaa. Hapo wamesema kweli.

— Basi mpe binti kazi. Akisubiri, asuke ukili wa mkeka.

Alfani akatabasamu kidogo.

— Hilo hakuna aliyeliandika. Mchezaji ananionyesha panapouma, Biasha. Tiba tuitafute mimi na wewe.

— Na ombi la mwisho la Mvua7? Kwamba aje mtu amwokoe binti?

Alfani alisita.

— Nimelifikiria sana. Hilo nalikataa.

— Kwa nini?

— Mikoko anaijua binti mwenyewe. Uso uliomchorea si wa mtu anayengoja kuokolewa.

Biasha alikuwa amezoea kukatizwa kabla hajamaliza kusema. Leo amekataliwa baada ya kusikilizwa, na moyo wake ulikuwa mwepesi.

— Nami nisamehe kwa kujificha. Nikiwa na neno, nitalisema kwa jina langu. Ukilikataa, nikatalie hivi hivi, usoni.

— Nakubali.

— Basi mwambie mjomba wako aje Ijumaa, alete posa kwa baba.