Alichosema Mke wa Rubani

Sanduku lilibakiza ngazi tatu lifike chini, gurudumu likang'oka. Mama Tiketi hakulaani. Alilitazama tu gurudumu likibingirika mpaka miguuni kwa Fundi Chuma, mchomeleaji mageti, aliyekuwa mlangoni pa ukumbi akimalizia sigara kabla chombo cha kwenye sinema hakijaruka.

"Shemeji, unahama au unapeleka nguo kwa dobi?"

"Nahama."

"Leo? Jumamosi ya rubani?"

"Rubani ananihusu nini mimi? Nipishe."

Fundi Chuma hakupisha. Aliokota gurudumu, akalikagua kama daktari anayekagua jino.

"Hili limechomelewa vibaya. Nipe nusu saa."

"Shemeji, nimechoka. Nipishe."

Akapisha. Mama Tiketi akaburuta sanduku kwa upande wa gurudumu moja. Huku nyuma spika ya ukumbi ilimsindikiza kwa sauti ya mumewe.

Mumewe huyo watu wote walimwita Mkalimani. Alikaa pembeni ya pazia na maikrofoni, sinema ikisema kwa lugha yake, yeye akiisema kwa Kiswahili: mwanamume ni yeye, mwanamke ni yeye, hata mashine ikiongea ni yeye. Na sinema iliyompa jina ni moja ya zamani sana, haina rangi, ya rubani aliyepanda chombo kwenda kwenye nyota ya mbali. Kwake safari ni miaka mitatu. Huku duniani, kwa mahesabu ya huko juu, inapita miaka arobaini. Anaporudi yeye bado kijana, anabisha mlango wa nyumba yake, anafungua bibi kizee. Bibi anamtazama, kisha anafunga mlango. Sinema imekwisha.

Kila Jumamosi ya kwanza ya mwezi, saa tisa alasiri, kwa miaka ishirini na mbili, ukitoa ile Mkalimani aliyokuwa safarini, ukumbi ulijaa watu walioijua sinema hiyo kuliko wanavyojua majirani zao. Chombo kikiruka, Fundi Chuma alipiga kelele, "Ule mlango haukuchomelewa, umebandikwa!" Kwenye kuagana, Muuguzi wa zahanati alilia palepale pa siku zote, akapenga kamasi, sinema ikiisha akarudi zamu. Na mwisho kabisa, mlango ukifungwa, ukumbi mzima uliitikia pamoja na Mkalimani:

"Kaenda kuvaa vizuri!"

Watu wakacheka, wakapiga makofi, wakaenda makwao wameridhika.

Mama Tiketi alikuwa dirishani anauza tiketi tangu siku ya kwanza ya sinema hiyo. Wakati huo alikuwa binti, mchumba wa Mkalimani. Wiki moja baadaye Mkalimani aliitwa mji mwingine kufanya kazi kwenye ukumbi mkubwa. Siku ya kumuaga, alitafsiri ile sinema huku anatazama dirisha la tiketi. Rubani alipoaga, mkewe akasema, kwa sauti nyembamba ya Mkalimani:

"Nenda, mume wangu. Nitakungoja mpaka nyota zizime."

Ukumbi mzima uligeuka kumtazama binti wa dirishani. Basi, ikawa imekwisha. Akasubiri miaka minne. Akisimama na mwanamume kuongea, hata kuulizana saa, watu walimwambia, "Dada, mwenzio wa kwenye sinema alingoja arobaini." Kulikuwa na mfamasia mmoja, mtu mpole, tangu kabla Mkalimani hajaondoka alinunua tiketi mbili kila wiki akakaa na kiti kitupu ubavuni. Hakuna siku aliyosema neno. Akachoka, akaoa kwingine.

Mkalimani akarudi, wakaoana. Akaondoka tena miaka miwili. Akarudi. Na Jumatatu ya wiki hii alikuja mezani na habari yake.

"Wameniita tena. Mwaka mmoja tu, mke wangu."

Mama Tiketi aliendelea kuchambua mchele.

Jumatano akaja mpwa wa Mkalimani, binti wa dada yake, anasomea lugha chuoni, lugha ileile ya ile sinema. Aliiweka kwenye kompyuta yake jikoni. Walipofika kwenye kuagana, akacheka.

"Anti, Mjomba huwa anasema hapa ni nini?"

"Nitakungoja mpaka nyota zizime."

Binti akaacha kucheka.

"Hasemi hivyo, Anti."

"Anasemaje?"

"Anasema, 'Ukienda, nenda. Lakini usinitafute tena kwenye mlango huu.'"

Mama Tiketi aliomba arudishe nyuma. Akarudisha. Akaomba tena. Mara ya nne akainuka, akazima jiko. Chakula kilikuwa bado kibichi.

Sasa alikuwa kituo cha mabasi, amekalia sanduku lake bovu. Simu ikatetemeka.

*Fundi kaniambia. Uko wapi? Nina dakika nne, chombo kinapita kwenye vumbi, hakuna maneno.*

Akaandika: *Kituoni. Naenda kwa dada.*

*Nisubiri sinema iishe.*

*Nimeshasubiri.*

Simu ikaita. Alitaka kuiacha, mkono ukapokea wenyewe. Nyuma ya mumewe alisikia ule muziki wa vumbi la nyota.

"Mama, kuna nini? Tuongee kama watu wazima."

"Mke wa rubani anasemaje pale wanapoagana?"

"Sasa hilo swali gani? Mbona unalijua—"

"Nakuuliza wewe mwenye lugha."

Muziki uliendelea.

"Mpwa wangu ana mdomo," alisema Mkalimani.

"Ulijua?"

"Nilijua."

"Tangu lini?"

"Tangu siku ya kwanza. Siku ya kwanza nilimtafsiri kama alivyosema. Hukusikia, ulikuwa unapanga foleni nje, na waliosikia walishasahau. Wiki iliyofuata nilikuwa naondoka. Nikamwona yule mfamasia na tiketi zake mbili. Niliogopa, mke wangu."

"Ungeniomba nikungoje."

"Na ungejibuje?"

"Sijui! Hicho ndicho ulichoniibia. Sijui ningejibuje, na sitajua mpaka nakufa. Ulinijibia, halafu ukaniwekea ukumbi mzima wanichunge."

"Lakini tumeishi vizuri..."

"Sijasema tumeishi vibaya. Nimesema nimechoka. Nikikaa naambiwa nangoja, nikilala nangoja. Na Jumatatu ukaniletea mwaka mwingine, hata hukuuliza. Kwa nini uulize? Jibu unalo kwenye maikrofoni."

Muziki ukakatika. Chombo kilikuwa kinatua.

"Lazima nirudi kwenye maikrofoni," Mkalimani alisema, kwa sauti ya mtu anayeitwa na hakimu. "Usikate."

Hakukata. Kama ni upendo au ni uchovu wa kubonyeza, hata yeye hakuweza kusema. Alisikia simu ikiwekwa mezani, kisha hodi ya rubani, ngo, ngo, ngo. Alisikia mlango ukilia. Aliijua ile picha: bibi kizee anatazama, anatazama, mlango unafungwa.

Ukumbi ukaitikia, "Kaenda kuvaa vizuri!"

Mkalimani hakuitikia. Makofi yakaanza, yakapungua, yakafa.

"Hapana," spika ikasema. "Hakwenda kuvaa."

"Kaenda wapi?" mtu akauliza.

"Hajaenda popote. Kafunga mlango. Alimwambia pale mwanzo kwamba akienda asimtafute tena. Mimi ndiye niliyewabadilishia. Hakuahidi kungoja. Maneno ya kungoja ni yangu mimi."

Zilizuka kelele za soko linaloungua.

"Mkalimani umelewa!"

"Miaka ishirini na mbili namtetea yule mama nyumbani kwangu!" Hiyo ilikuwa sauti ya Fundi Chuma. "Mke wangu anasema kafunga mlango, mimi nabisha! Nimelala kwenye kochi kwa ajili yako!"

"Rudisha kama zamani, bwana, tumeizoea!"

Kisha ikasikika sauti ya Muuguzi, bila haraka.

"Mimi nilijua. Wagonjwa nawajua kwa macho. Yule mama macho yake hayakuwa ya kungoja hata siku moja. Nyie mlidhani nalilia nini?"

Mkalimani akaichukua simu.

"Umesikia?"

"Nimesikia."

"Siendi tena. Nimeshaamua."

"Hilo ni lako. Basi limefika."

"Nikungoje?"

Kondakta alikuwa ameshalishika sanduku.

"Mimi sitakujibia," alisema, akakata.

Alipanda. Njiani alilala kama aliyekunywa dawa.

Mwezi wa tatu tangu aondoke, siku moja asubuhi, dada yake aliacha cherehani akachungulia dirishani.

"Mtu wako yuko mlangoni. Kakonda."

Mama Tiketi akafungua. Mkalimani alisimama na gurudumu la sanduku mkononi, limechomelewa vizuri, Fundi Chuma hakutaka shukrani. Mama Tiketi akalipokea. Akamtazama mumewe, akamtazama. Akafunga mlango.

Mkalimani alikaa kwenye ngazi. Hakubisha tena, na wapita njia waliomuuliza anafanya nini aliwaambia, amekaa. Jua lilifika kwenye viatu vyake, likapanda magotini. Kisha mlango ukafunguka. Mama Tiketi alikuwa na gauni lilelile, mikono ina povu.

"Sikwenda kuvaa," alisema. "Nilikuwa naosha vyombo."

"Najua."

"Haya ingia. Kuna vya kukausha."

Walirudi mwezi uliofuata. Mkalimani hakuondoka tena. Ule ukumbi wa mji mwingine ulichukua kijana mwenye sauti nzuri zaidi. Mfamasia ana wajukuu wawili. Mpwa alimaliza chuo, anafundisha. Fundi Chuma alimwomba mkewe radhi, bado analala kwenye kochi, anasema amelizoea. Muuguzi alistaafu na anakuja kila Jumamosi ya kwanza, ila halii. Watazamaji walipungua kwa mwaka mmoja, wakarudi. Sehemu ya kuagana, Mkalimani huzima maikrofoni, na maneno ya mke wa rubani anayasema Mama Tiketi kutoka dirishani kwake, kama yalivyo.