Gitaa la Nyuzi Nane la Maude

Saa nne asubuhi, Jumatano ya mwisho ya Januari, Maude Lachapelle alifungua chumba cha mazoezi mjini Rimouski akakuta stendi tupu. Gitaa lake la nyuzi nane halikuwepo, na mlango haukuvunjwa. Kesho yake saa tatu alitakiwa studio kurekodi albamu aliyoisubiri miaka sita. Gitaa jingine lisingemfaa: msumeno wa kiwandani ulikuwa umemkata kidole kidogo cha mkono wa kushoto, na shingo ya lile ilichongwa kwa vidole vilivyobaki.

Alimpigia aliyeichonga, Odette Fiset, fundi magitaa wa miaka sitini asiyependa porojo.

"Funguo anazo nani?" Odette aliuliza alipofika.

"Mimi, Gaétan mpiga besi wetu, na mzee Vézina mwenye nyumba. Ni huyo mzee! Kila siku anatugongea sakafu, eti kelele."

Walimkuta juu, goti limefungwa bandeji.

"Lile kasia lenu la nyuzi nane?" alisema. "Ngazi sijashuka tangu wanipasue Novemba, binti. Ningeweza, ningeanza kuziiba ngoma zenu!"

Odette aliikagua bandeji, akaridhika.

Saa saba walikuwa kwa Gaétan Ouellet. Aliwafungulia akiwa amejifunika blanketi, anapiga chafya.

"Mafua yamenibwaga. Tangu Jumapili sijatia mguu nje, hata besi sijaigusa."

Kasha la besi lilikuwa koridoni, kando ya hita. Odette aliinama, akashika kifungio.

"Wee mama, usifungue! Limetoka kwenye baridi sasa hivi, vanishi itapasuka!"

Kila mpiga gitaa wa huko anajua sharti hilo: majira ya theluji, kasha likiingia ndani halifunguliwi mpaka lipate joto la nyumba. Gaétan alikuwa amelifuata miaka ishirini, na leo mdomo ulimtangulia.

"Limetoka vipi kwenye baridi," Odette aliuliza, "na wewe uko ndani tangu Jumapili?"

Chafya zilikoma.

"Niliuona ujumbe wako kwa fundi wa studio," Gaétan alimwambia Maude. "Eti nyuzi zako nene zinafika sauti za chini vya kutosha, besi ya nini. Nilitaka uonje kuachwa. Ningelirudisha Ijumaa."

"Ijumaa! Studio ni kesho, mshenzi wewe!" Maude alilirukia kasha.

Odette alimshika mkono. "Keti. Alichosema kuhusu vanishi ni kweli. Tunangoja saa nzima."

Basi walikaa jikoni watatu, mwizi na aliyeibiwa meza moja. Gaétan alichemsha kahawa, hakuna aliyeigusa. Saa nane na robo Odette alilileta kasha mezani, akalifungua. Gitaa lilikuwa zima, shingo imezungushiwa skafu ya Gaétan ya sufu.

Maude aliugusa uzi mnene kuliko yote. Meza ilitetemeka kidogo, na Gaétan akatazama pembeni.

"Ilinipasa nikwambie usoni," Maude alisema. "Hapo nilikukosea."

Aliikunja skafu, akaiweka mbele ya Gaétan, kisha akanyoosha kiganja.

"Ufunguo wa chumba."