Mtani Asiyefika Mazikoni

Ilikuwa mwaka 1956, mwishoni mwa kiangazi, wakati ambapo mji wa Tabora hunuka vumbi na nta. Katika ofisi ya kampuni moja ya kununua asali na nta, karibu na stesheni, warina asali walikuwa wamejazana tangu asubuhi wakigombania zamu ya mizani. Nyuma ya kizuizi cha mbao alikaa Koleta binti Ambrosi, msichana aliyesomeshwa na masista, amevaa gauni jeupe lenye madoa ya buluu na visikilizio masikioni. Mbele yake palikuwa na swichibodi, yaani ubao wenye matundu, ambamo aliziunganisha sauti za watu kwa nyaya. Kutwa nzima alisema, "Subiri, ninakuunganisha." Hakuna aliyepiga simu kumtaka yeye.

Siku hiyo laini ya ghala la Isevya ilikufa. Koleta alizungusha mpini hadi mkono ukamuuma, asijibiwe.

"Hujambo, dada? Mimi ni Elieza, fundi mpya wa simu. Nionyeshe mgonjwa."

Alikuwa kijana mrefu, mwenye shati la kaki lililopigwa pasi na mkoba wa ngozi begani. Alibadili plagi, laini haikupona. Alipima betri, zilikuwa nzima. Aliihamishia laini ya Isevya kwenye tundu la jirani, ikawa vilevile. "Basi ugonjwa haumo ndani ya ubao," alisema. Akatoka nje, akachutama penye chuma kilichozikwa nyuma ya ofisi, kisha akarudi akitabasamu.

"Udongo umekauka mno, umeme hauna njia ya kurudia. Naomba ndoo ya maji."

"Kwenu ni wapi, fundi?"

"Kilimatinde."

Koleta alishika kiuno. "Mgogo! Babu zetu walipopita kwenu na misafara, mliwatoza hongo kwa kila kata ya maji. Leo umefika Unyamwezini, unaomba ndoo nzima ya bure?"

Warina asali waliangua kicheko.

"Mtani," Elieza alijibu, "tungewanyima maji, ungezaliwa na nani? Leta ndoo, uache maneno."

Wagogo na Wanyamwezi ni watani tangu enzi za misafara. Matusi yao ni salamu, na msiba wa mmoja humlazimu mwenziwe kufika, ili wafiwa wapate mtu wa kuwachekesha. Maji yalimwagwa penye chuma, Isevya ikaita.

Kazi ya Elieza ilikuwa kuufuata waya wa kampuni hadi vituo vya Usoke na Urambo, kandokando ya njia ya zamani ya kwenda Ujiji. Kila alipopanda nguzo, aliunganisha simu yake ya kupimia na kuita Tabora.

"Swichibodi."

"Ninapima laini. Hebu sema neno refu."

"Mgogo."

"Hilo ni fupi."

"Ni refu kwa aliyelichoka."

"Sauti inakwaruza. Sema tena, taratibu, kama unayemwambia mtu umpendaye."

"Laini ni nzima, mtani. Mgonjwa ni wewe!"

Jioni Koleta alirudi Mtendeni, kwenye nyumba aliyoishi na baba yake, Mzee Ambrosi, mjane asiyependa mazungumzo. Walikula, wakasali, wakazima taa. Elieza naye alilala peke yake katika vibanda vya kampuni, akisikiliza waya ukivuma kwa upepo.

Siku moja alipiga simu bila mzaha. "Koleta, nikirudi nitamtuma mshenga kwa baba yako."

"Usinitanie."

"Sitanii."

Koleta aliufunika uso kwa kiganja ijapokuwa hapakuwa na wa kumwona. "Basi mtume," alisema.

Mshenga hakuwahi. Mzee Ambrosi alifia katika hospitali ya Kitete baada ya homa fupi. Raymundi, karani wa ofisi, aliita Urambo kutoa habari za msiba, na Elieza mwenyewe akapokea: "Nimesikia. Mwambie nimesikia."

Koleta alimngoja. Watani wengine hawakuwapo mtaani, na mzee akazikwa kimya. Hakuna aliyemwigiza marehemu wala aliyewadhihaki wafiwa.

"Kaburi halikutaniwa," alisema shangazi yake, Bertila, wakati wa kurudi. "Yuko wapi yule Mgogo wako? Kilio kitamkaa mtoto huyu kifuani."

Na kilimkaa. Koleta alirudi kazini amevaa gauni jeusi, macho makavu. Elieza alipoita, alimjibu kama mgeni.

"Koleta, pole sana, mpenzi. Nisikilize..."

"Unataka kuunganishwa na nani?"

"Nawe."

"Swichibodi haina tundu langu." Akaichomoa plagi.

Mvua za kwanza zilikuja na radi. Waya ukapigwa, ubao wote ukanyamaza, na Elieza akaitwa mjini. Alifungua mgongo wa swichibodi, akaketi nyuma yake. Koleta akabaki mbele, kwani kazi ilidai watu wawili. Mbao zilisimama kati yao.

"Ingiza plagi ya kwanza. Zungusha."

"Imekufa."

"Ya pili."

"Imekufa. Kwa nini hukuja?"

Bisibisi ilisita.

"Nilikuja. Treni ya mizigo ilinishusha alfajiri. Nilisimama nyuma ya kanisa, nikawasikia mkiimba, nikarudi."

"Ukarudi!"

"Mtani humdhihaki marehemu, Koleta. Mkwe hathubutu kumtazama baba mkwe usoni. Moyoni nilikwisha kumfanya baba yako kuwa mkwe wangu, nikaogopa kumvunjia heshima. Wala sikuweza kusimama pamoja na wakwe, kwa sababu mshenga hakuwa amefika. Sikuwa na mahali pa kusimama."

Koleta aliugusa ubao kwa vidole. Sauti yake ilipotoka ilikuwa ndogo. "Ukwe hauanzi moyoni, Elieza, huanza kwa posa. Siku ile ulikuwa mtani wangu, nami sikuwa na mwingine. Nilisimama kaburini nikiutazama mlango wa uwanja, mtu akipita nadhani ni wewe. Aliyekosa mahali pa kusimama ni mimi."

Nyuma ya ubao bisibisi ilianza tena kuzunguka.

"Ingiza ya tatu," Elieza alisema.

"Inaita."

"Ninadaiwa, Koleta. Je, deni la utani huoza?"

"Kamwulize shangazi."

Jioni hiyohiyo Elieza alikwenda Mtendeni. "Shikamoo, shangazi."

"Marahaba. Wewe ndiye mtani mtoro?"

"Ndimi."

Bibi Bertila alimpima kwa macho kuanzia viatu hadi nywele. "Jumamosi tunaanua matanga. Habari za posa sitazisikia kabla hujautimiza utani. Na ukija na haya zako, bakia Urambo na nguzo zako."

Jumamosi kulikuwa na manyunyu. Wafiwa walikuwa wamesimama makaburini, Koleta mbele yao, mkono katika mkono wa shangazi. Elieza alifika amevaa suti ya kijivu aliyoishonesha kwa ajili ya posa, tai imekazwa, viatu vinang'aa. Hakumsalimu mtu. Alikwenda moja kwa moja hadi kwenye kaburi, akajilaza kando yake matopeni, suti na tai pamoja.

"Sogea, Mzee Ambrosi!" alifoka. "Umejinyoosha peke yako kama liwali, na mimi ninanyeshewa! Mnyamwezi gani wewe, unasafiri bila mzigo? Ukoo mzima wa wapagazi, nawe umeondoka mikono mitupu! Ama umenisikia ninakuja, ukakimbia?"

Mtu mmoja alicheka, kisha wengi. Koleta aliuma midomo. Elieza alijifunika koti usoni, akaanza kukoroma.

Hapo kicheko kilimponyoka Koleta, kikubwa, kisicho na adabu, naye akainama akijishika tumbo. Kisha kicheko kikageuka, na kilio kilichokuwa kimemkaa kifuani kikatoka chote. Shangazi alimkumbatia.

"Lia, mwanangu. Lia sasa."

Elieza alisikia, lakini hakuinuka. Aliendelea kukoroma matopeni huku mvua ikimnyeshea, mpaka akawa na hakika kwamba amelipa deni lote alilodaiwa.