Anayejibu Kwanza

"Mgonjwa amekataa kuamka," sauti ya Bosi ilisema kwenye simu. "Daktari aende."

Msumari alikata simu, akaongeza mwendo. Pikipiki yake ya Yamaha ikanguruma. Mbele yake malori sita meupe yalikuwa yakikata kona kuelekea geti la forodha, na kila turubai lilikuwa limeandikwa neno moja kubwa: DAWA.

Uongo.

Kwapani alikuwa na bastola ya Glock. Mfukoni alikuwa na kichupa kitupu cha insulini, na ndicho kilichomlemea zaidi. Alikichukua kwenye friji ya binamu yake baada ya mazishi, kikiwa na mabaki, akakipeleka kwa rafiki yake wa maabara. Rafiki alimjibu kwa mdomo, bila karatasi. Maji na chumvi. Binti mzima alikuwa akijidunga maji, huku sukari ikimmaliza.

Tangu siku hiyo Msumari aliwawinda waliouza maji hayo, awe usingizini au macho.

Aliyapita malori, akaegesha nyuma ya ukumbi wa ukaguzi, akavaa ovaroli la fundi.

Ndani, mgonjwa alikuwa mbele yake: nusu ya kompyuta zilikuwa zimewaka. Nusu nyingine zilionyesha mstari mmoja mweupe kwenye kioo cheusi. Zinatafuta. Zinatafuta.

"Umekuja kutengeneza au kutalii?" karani mmoja alimtania.

"Mwache," sauti ilitoka meza ya mwisho. "Huyo ni mtoto wa kaka yangu. Huwa anaangalia kwanza."

Shangazi, mkuu wa ukaguzi. Ndiye aliyemlea Msumari. Ndiye mama wa marehemu. Alikuwa amekonda mpaka saa ilimcheza mkononi. Kwa anavyojua yeye, mtoto wa kaka yake ni fundi wa kompyuta, basi.

"Shikamoo, Shangazi."

"Marahaba, baba. Umekula?"

"Nitakula baadaye."

"Hiyo baadaye yako ndiyo imekufanya uwe kama antena."

Kompyuta za ukumbi ule hazikuwa na diski. Kila asubuhi ziliamka tupu, hazijui hata anwani zao, zikaita kwenye waya: mimi ni nani, nifanye nini? Seva ya chumba cha pili ilizijibu, ikazipa anwani na programu ya kukagua namba za dawa. Namba halali, kijani. Namba bandia, nyekundu.

Lakini kompyuta isiyo na kumbukumbu haimjui mwenyeji wala mgeni. Humtii anayejibu kwanza.

Msumari alichomeka kompyuta yake ndogo ya ThinkPad kwenye swichi, pale nyaya zote zilipokutana, akawasha kompyuta moja, akausikiliza waya.

Swali moja. Majibu mawili.

Na seva ilikuwa moja tu.

Kuna kitu kingine kilichokuwa kikiitika. Kompyuta kilizoziwahi, kilizipa programu yake. Zile kilizogombania na seva zilichanganyikiwa, zikakwama. Msumari aliisogelea moja iliyowaka, akaandika sifuri tupu mahali pa namba ya dawa, mwanzo hadi mwisho.

Kijani.

Nje, lori la kwanza lilipiga honi. Kwenye kaunta, wakala wa malori, bwana wa suti waliyemwita Msafi, aligonga kaunta kwa pete yake.

"Jamani, dawa zinasubiriwa hospitali. Hizo zilizowaka hazitoshi?"

"Zinatosha," Shangazi alisema haraka. Haraka mno.

Msumari alichomoa waya wa seva. Sasa hakuna aliyepaswa kujibu. Akawasha kompyuta nyingine.

Ikajibiwa.

Akaanza kuchomoa nyaya za swichi, mmoja baada ya mwingine, akiiwasha upya kila mara. Ikajibiwa. Ikajibiwa. Akachomoa waya wa buluu.

Kimya.

Aliufuata kwa macho. Ukutani, sakafuni, kandokando ya kabati, hadi meza ya mwisho.

Hapana, alijiambia. Si kwake.

Alipiga magoti chini ya meza ya shangazi yake. Nyuma ya kapu la takataka, kisanduku cheusi kidogo kilikuwa kikipepesa taa. Kando yake, viatu vya Shangazi vilijisogeza nyuma.

"Msumari kwa Geti," alinong'ona kwenye redio yake ya Motorola. "Funga."

"Limefungwa. Madereva wote chini."

Msafi alisikia honi zikikatika. Mkono wake ukaingia ndani ya koti, lakini kibodi aliyoirusha Msumari ilimfikia kwanza, katikati ya macho. Bastola ikateleza sakafuni. Wapagazi wawili, ambao hawakuwa wapagazi, wakamkalia mgongoni.

Msumari alirudisha nyaya zote, wa seva ukiwemo, isipokuwa ule wa buluu. Kompyuta zote zikaamka. Karani akaandika namba ya katoni ya kwanza.

Nyekundu.

"Kumbe wewe si fundi," Shangazi alisema.

"Hapana, Shangazi."

"Waliniambia watamletea mwanangu insulini. Hospitali haikuwa nayo, unakumbuka. Mimi niweke tu hicho kisanduku." Alikitazama kisanduku. "Baada ya mazishi nilitaka kukitoa. Kila asubuhi nilitaka. Sikuwa na nguvu hata ya kuinama."

Msumari alitaka kumuuliza habari za watoto wa wenzake, waliopewa dawa hizo hizo. Badala yake alitoa pingu. Alimfunga taratibu, akaisogeza ile saa isimbane. Mikono hiyo ndiyo iliyomfunga vifungo vya shati siku ya kwanza ya shule.

"Niambie kitu kimoja tu, baba. Dawa zake zilikuwa nzuri, sivyo? Ni siku zake tu zilifika?"

Kichupa kiliunguza mfukoni kama kaa la moto.

"Zilikuwa nzuri, Shangazi. Ni siku zake."

Aliitikia kwa kichwa. Ndipo machozi yakamtoka, na wale wapagazi wakamchukua polepole, kama wanaomsindikiza mfiwa.

Nje, uani, Msumari alikiweka kichupa chini ya kisigino cha buti. Akakikanyaga mpaka kikawa unga.

Simu iliita.

"Mgonjwa?" Bosi aliuliza.

"Ameamka."

"Kichupa cha binamu yako kitahitajika mahakamani. Kilete."

"Kimevunjika."

"Kesi itasimama bila hicho?"

"Una malori sita, Bosi."

Alikata simu, akavaa helmeti, akashusha kioo cheusi ingawa jua lilikuwa limejificha. Yamaha ikanguruma, ikatoka getini bila kupunguza mwendo.